Siku Bibi Alipojibu Makofi

Mimi si mwoga. Muulize mtu yeyote pale soko la mitumba, atakwambia yule dada wa viatu mdomo wake hauna breki, anagombana na madalali, anagombana na mgambo, akikosa wa kugombana naye anagombana na redio. Ni kweli. Lakini honi ya lori ikilia nyuma yangu, mpaka leo, natafuta cha kushika.

Ilianzia Mpui, kwa bibi. Nyumba ya bibi iko karibu na barabara kubwa, ile inayotoka Tunduma, na wakati wa mavuno malori ya mahindi hayapumziki. Nilikuwa nimetoka Sumbawanga mjini kwenda kumwona bibi na mdogo wangu wa kike. Wazazi wetu wako bondeni, upande wa Mtowisa, wanalima mpunga. Mdogo wangu joto la kule lilimshinda tangu mchanga, kila siku homa, ndiyo maana akalelewa na bibi huku juu kwenye baridi.

Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu. Mimi niko uani nasuuza vyombo, namwona mdogo wangu anavuka barabara anamfuata mbuzi. Anatembea polepole, kalipa mgongo lori linalokuja. Lori likapiga honi. Akaendelea kutembea. Likapiga tena, honi ndefu, mbwa wa kijiji kizima wakabweka, kuku wakatawanyika, yeye hata shingo hakugeuza.

Nikapiga kelele, nikaita jina lake kwa nguvu zangu zote. Hofu inakufanya mjinga kiasi hicho. Unamwita kwa jina mtoto asiyesikia.

Dereva alikata usukani, lori likaingia kwenye shamba la ulezi, likasimama limeinama. Mdogo wangu alichoshtukia ni upepo wake. Akageuka, akaliona lile dude, akaniona na mimi nimesimama na sufuria mkononi, mdomo wazi. Akacheka. Alidhani nacheza.

Dereva akashuka. "We dada! Mtoto wenu ana wazimu? Honi yote ile!"

"Hasikii!"

"Hasikii nini?"

"Hasikii honi, hasikii radi, hasikii wewe unavyopayuka! Ni kiziwi! Nikuchoree?"

Akakaa chini palepale kwenye ulezi, akashika kichwa. Halafu akasema taratibu kabisa, "Sasa kama hasikii, mnamwachaje barabarani, jamani?"

Nikaweka sufuria chini, nikaenda kumshika mtoto mkono.

Mdogo wangu alizaliwa anasikia. Alikuwa ameanza kusema "bibi" na "maji" alipopata homa kali, akalazwa, akatoka mzima wa mwili, ila ukimwita haji. Maneno yakaanza. Ukitaja Sumbawanga popote nchi hii watu wanakuuliza umekuja kwa basi au kwa ungo, na sisi wenyewe wakati mwingine tunazishika sifa hizo za uchawi. Wakaja wa kusema mtoto kafungwa masikio na jirani. Bibi ni Mkatoliki wa misa ya alfajiri, akawajibu, "Aliyemfunga aje amfungue. Asipokuja, tupisheni tupike."

Nyumbani tulikuwa na maneno yetu ya mikono. Bibi ni kufunga kilemba. Ugali ni kusonga. Baridi ni kukumbatia mabega. Mimi jina langu ni vidole vinne vikigongana na dole gumba, kama mdomo wa bata usiofunga. Alinipa jina hilo mwenyewe, hakuna aliyemfundisha. Nimetukanwa na watu wengi sokoni, ila hakuna aliyenipata vizuri namna ile.

Shuleni kijijini alikuwa anakwenda. Anavaa sare, anakaa nyuma, ananakili ubaoni mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu, na hajui hata neno moja maana yake. Kuna siku alirudi na alama za fimbo mikononi, kisa aliitwa hakuitika. Mimi huyo, basi la kwanza, mpaka ofisi ya mwalimu mkuu. Nilisema yote. Mwalimu mkuu, mama mtu mzima, alinisubiri nikaishiwa pumzi.

"Umemaliza, binti?"

"Sijamaliza, napumua."

"Basi wakati unapumua nisikilize. Aliyemchapa ni mgeni, nimeshamkalisha chini. Lakini hapa sisi hatumfundishi huyu mtoto, tunamtunza tu. Kuna shule mjini ina kitengo cha viziwi na bweni. Hawampokei bila kupimwa na afisa wa elimu maalumu. Na nafasi ni chache, wakija kupima usikose."

Mimi nimeishia darasa la saba. Ila simu ninayo, na mteja akichelewa kuja nasoma. Nikaanza kutafuta video za lugha ya alama. Nimekaa katikati ya viatu najifunza "mama", "shule", "nataka", "naumwa". Wenzangu wakadhani nimechanganyikiwa. "Dada wa viatu leo anagombana na hewa!" Nikawa nikienda Mpui namfundisha mdogo wangu. Alikuwa ananinyang'anya ishara kabla sijaimaliza. Njaa niliyoiona machoni mwake sijawahi kuiona kwa mtu anayedai chakula.

Aliyekuwa hataki ni bibi.

"Bweni," akasema. "Mtoto akiamka tumbo linamkata atamwambia nani? Mtu mbaya akimshika atapiga kelele gani?"

"Huko watu wote wanaongea kwa mikono, bibi."

"Na giza likiingia, wanaongea na nini?"

Kumbe na mimi swali hilo nilikuwa naliogopa, nilikuwa nalifunika na kelele zangu. Huku kuna lori, kule kuna bweni. Kila upande nikimwangalia namwona yuko peke yake na mimi siko. Lakini mwaka ujao angezidi umri wa kuanza, hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na barabara ya Mpui haihami. Mwisho bibi akakubali, kwa namna yake. Alisema, "Twende akapimwe. Kupimwa siyo kwenda."

Siku ya kupimwa bibi alivaa kitenge cha Pasaka na kubeba unga wa ulezi kwenye kikapu, maana haendi kwa watu mikono mitupu. Tulipofika pale shuleni mjini, akinamama walikuwa wamejaa barazani na watoto wao. Jirani yetu kwenye benchi alikuwa mama wa Kisukuma, familia ya wafugaji, kaja toka bondeni kambeba mgongoni mtoto wa kiume mkubwa asiyetembea. Nikamuuliza hachoki?

"Nachoka," akasema. "Nikimtua atafikaje?"

Tukaitwa. Mwalimu mlangoni akanizuia, mlezi mmoja tu ndiye anaingia. Nikabaki kwenye fremu ya mlango, nanyoosha shingo. Afisa alikuwa kijana, shati limenyooka, sauti ya upole. Alimkalisha mdogo wangu kwenye kiti, bibi akakaa mbele yake ili mtoto asiogope, ila pale nilipokuwa kabati lilinifichia bibi. Nilichoona ni afisa na kisogo cha mtoto.

Afisa akamzunguka mtoto, akasimama nyuma yake, akapiga makofi. Pa, pa, pa.

Mdogo wangu akashuka kwenye kiti, akachuchumaa, akapiga makofi.

Afisa akatabasamu. Akarudia upande wa kushoto. Mtoto akapiga tena, vizuri kabisa, kwa adabu.

"Huyu anasikia," akamwambia bibi. "Tatizo ni uzito wa akili, ndiyo maana haongei. Hiki kitengo ni cha viziwi, bibi, hakimfai. Arudi shule ya kijijini, tutamwangalia siku zijazo."

Nataka niseme ukweli nilivyojisikia. Kabla ya hasira ilikuja baridi. Nilisimama pale nikajiuliza, je, anasikia kweli? Miaka yote tumekosea? Na lile lori? Mwili wangu wote ulikuwa unatafuta ukuta. Halafu ndiyo mdomo ukafunguka.

"Hasikii! Wewe umempima au umecheza naye? Lori limepiga honi hapa mgongoni kwake hakugeuka, wewe na vikofi vyako ndiyo asikie?"

"Dada, tafadhali. Nje kuna watu wanasubiri."

"Wasubiri! Na sisi tumesubiri!"

"Dada, toka nje."

Bibi ndiye aliyenitoa, kanishika mkono kama mtoto. Alikuwa amepauka. "Umemkasirisha mkubwa," ananinong'oneza, "umemkasirisha, sasa hata hiyo siku zijazo hatutaiona." Tukakaa kwenye ngazi. Ndani nasikia wanaitwa wengine. Gari la halmashauri liko chini ya mti wa mjakaranda, dereva anafuta kioo, na mwalimu mmoja kasema wakimaliza hapa wanashuka Matai. Wakirudi ni lini, hakuna anayejua. Nikamwangalia mdogo wangu anacheza na kikapu cha unga, nikaiona barabara, nikauona ukungu.

Ndipo akapita mlinzi wa shule, mzee wa Kifipa kabisa, koti refu. Alikuwa anatokea nyuma yetu. Kumwona bibi kavaa kitenge cha heshima, akasimama, akainama kwa desturi yetu, akapiga makofi polepole ya kumsalimia. Bibi, pamoja na huzuni yake yote, akateremka kwenye ngazi, akachuchumaa, akajibu makofi. Na mdogo wangu, aliyekuwa kampa mgongo yule mzee, akamwona bibi, akaacha kikapu, akachuchumaa, akapiga makofi.

Nilisimama kama nimechomwa.

"Bibi. Mle ndani, yule kijana alipopiga makofi, ulifanya nini?"

"Nilimwitikia."

"Ulimwitikia?"

"Sasa mtu mzima na kazi yake ananipigia makofi, nimtolee macho kama ng'ombe? Nimelelewa mimi. Nikashangaa tu, kijana wa watu kasalimia akiwa nyuma ya mtoto, tena amesimama, nikasema labda ndiyo adabu ya mjini."

Kwetu makofi ya mtu hayaachwi hewani. Mtoto wa Kifipa hajui kutembea vizuri anajua kuchuchumaa akajibu. Na huyu wa kwetu, asiyeambiwa neno, amejifunza adabu yote ya dunia kwa kumtazama bibi. Bibi akifanya, naye anafanya. Afisa alipiga makofi, bibi akajibu, mtoto akamfuata bibi, na mimi mlangoni nikayasikia kama makofi ya mtu mmoja. Masikio hayakuhusika.

Watu wa mwisho walikuwa wanatoka. Yule mama wa Kisukuma alipita na mtoto wake mgongoni, nikamuuliza kwa macho, akatikisa kichwa. Hawana sehemu ya mtoto asiyetembea, hakuna njia ya kiti cha magurudumu, arudi nyumbani kwanza. Alikuwa anarudi nyumbani na uzito uleule. Akaniambia, "Wewe una mdomo, rudi ndani. Ila usiende na huo wa mwanzo."

Kurudi kwenye ule mlango kuliniogopesha kuliko kugombana na soko zima. Kugombana najua. Kuomba nilikuwa sijui. Na nilijua nikipandisha sauti hata kidogo tu, nimemfungia mtoto mlango. Nikaishika mikono nyuma.

"Shikamoo," nikasema. Afisa mwenyewe pengine ni rika langu. Akanitazama.

"Marahaba, dada. Nimeshafunga mafaili."

"Naomba nikuulize kitu kimoja. Wewe ni mwenyeji wa huku?"

"Hapana. Natokea Tanga. Kwa nini?"

"Kwenu mtu akipiga makofi inakuwaje?"

Akacheka kidogo. "Kwetu watu wanageuka kuangalia nani kafunga goli."

"Huku ni salamu. Bibi alikuwa anakujibu. Mtoto alikuwa anamtazama bibi."

"Mimi nilidhani anamtia moyo mtoto," akasema. Akamwangalia mwalimu mwenyeji aliyekuwa naye, na yule mwalimu akaweka mkono mdomoni. "Mungu wangu," akasema mwalimu. "Hata mimi niliona bibi anapiga, nikaona kawaida. Imenipita."

Nilikuwa nasubiri aseme muda umekwisha. Dereva nje alishawasha gari, nalisikia linanguruma. Afisa akavua saa, akaiweka mezani, akasema, "Waite."

Kwa bibi alipiga goti. Nilimsamehe palepale mambo mengi. "Bibi, shikamoo. Nitakupigia makofi na nakuomba usinijibu. Naomba radhi kabla sijaanza."

"Marahaba, baba," akasema bibi. "Lakini ni vigumu."

"Najua."

"Hujui, wewe ni wa Tanga."

Safari hii niliruhusiwa kuingia, nikasimama pembeni ambako mtoto hanioni. Bibi akaketi mbele yake, akafikiri, halafu akaikalia mikono yake miwili. Akaiweka chini ya mapaja kabisa, kama mtu anayezuia mlango.

Afisa akapiga makofi. Mabega ya bibi yakaruka. Akapiga tena, karibu na sikio. Midomo ya bibi ikaanza kucheza, nadhani alikuwa anajibu kwa ndani. Mdogo wangu anamtazama bibi tu, miguu inaning'inia. Na mimi nikajikuta nasali. Nilikuwa naomba asisikie. Mungu nisamehe, namwomba Mungu mdogo wangu wa kuzaliwa asisikie, asigeuke, asigeuke, kama vile nilivyomwomba siku ya lori ageuke.

Afisa akachukua kengele ya mkono, ile ya kuita watoto darasani, akaipiga nyuma ya kichwa chake. Masikio yangu yalizizima. Barazani mtu akauliza kuna nini.

Mtoto hakugeuka. Alikuwa anaishangaa ile mikono ya bibi iliyofichwa. Akajikumbatia mabega, akapandisha nyusi. Baridi? Bibi hawezi kujibu, mikono kaikalia. Basi mdogo wangu akavua sweta lake, huku kengele inalia kisogoni, akashuka, akaenda kumfunika bibi mapajani.

Kengele ikanyamaza.

"Amesema nini?" afisa akaniuliza.

"Kamuuliza bibi kama anasikia baridi."

Akakaa kwenye meza, akafungua faili, akakata alichoandika. "Hasikii. Na aliyesema ana uzito wa akili..."

"Ni wewe," nikasema. Mdomo wangu huo.

"Ni mimi," akasema. Halafu akatuambia atatakiwa apimwe masikio hospitali ya mkoa pia, na kwamba jina analipeleka, ila nafasi zikitoka ndiyo tutaitwa. Hakuahidi. Bibi alimwachia unga wa ulezi wote. Alikataa, ikabidi mimi nimweleze kwamba kwetu na hilo nalo halirudishwi.

Kusubiri sitaki hata kukukumbuka. Kila simu ngeni nilikuwa napokea nikiwa nimesimama. Nilikaa Mpui siku nyingi kuliko nilizouza viatu, nikawa naenda naye kisimani, kwa mbuzi, kila mahali nimemshika kiganja, mpaka akachoka na mimi, ananifanyia mdomo wa bata na kunisukuma.

Nafasi ikatoka. Tulimpeleka mimi na bibi, na sanduku la bati. Getini palikuwa na mwanamke katupa mgongo anaanua mashuka. Bibi, mtu wa adabu, akachuchumaa akapiga makofi. Yule hakujibu. Bibi akapiga tena. Kimya. Nikamwona bibi anainuka, uso umebadilika. "Tunaondoka," akasema. "Mahali wasipojibu salamu simwachi mtoto."

Kabla sijasema kitu yule mwanamke akageuka. Akaona bibi kikongwe, akaona vumbi kwenye magoti yake, akaelewa. Akaweka mashuka begani, akachuchumaa hadi chini, akapiga makofi ya Kifipa, yaliyokamilika, kisha akagusa sikio lake na kutikisa kidole. Alikuwa mwalimu wa bweni. Alikuwa kiziwi.

Mdogo wangu alimkodolea macho. Nadhani hakuwahi kujua kama watu wa aina yake huwa wanakua wakubwa. Akanivuta nguo, akamwonyesha yule mwalimu mimi ni nani, mdomo wa bata, unafungua unafunga, na yule mwalimu akacheka mpaka mashuka yakaanguka. Tukaagana hivyo. Hakulia. Alikuwa na mengi ya kuuliza, na mtu wa kumuuliza.

Siku hizi akinamama wenye watoto wa kupimwa wananipigia simu. Nawaambia, muingie wawili. Mkae pale mtoto asipowaona. Mkiona jibu siyo, ombeni arudiwe, ni haki yenu, wala hamuombi msaada. Na nawaambia kuhusu mikono ya bibi. Yule mama wa Kisukuma bado namtafutia shule, mtoto wake bado yuko mgongoni, na mimi sijamaliza na hao watu.

Lakini siku ile tulitoka getini mimi na bibi, mikono mitupu, tukafuata barabara ya kwenda stendi. Nyuma yetu lori likapiga honi. Nikamdaka bibi nikamvutia majanini, naangaza macho kushoto na kulia namtafuta mtoto.

"Huko aliko hakuna barabara," bibi akasema.

Nikamwambia najua. Lakini mkono wake sikuuachia mpaka lile lori lilipopita.